Mchapaji Aliyebweka

Jumatatu hiyo Mama Nakala alikuwa na watu saba kwenye foleni na karatasi imekwama tumboni mwa mashine. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, mkono umezama mpaka kiwiko, akiivuta ile karatasi taratibu isije ikakatika, wakati mbwa alipobweka ndani ya duka.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja mkabala na ofisi ya ardhi. Lilikuwa na mashine mbili za kutoa nakala, kompyuta, kifaa cha kufunika vitambulisho kwa plastiki, na runinga ndogo aliyoitundika ukutani ili watu wanaosubiri wapate kitu cha kutazama zaidi ya kumtazama yeye. Mbwa alibweka mara mbili, akanyamaza, kisha akatoa mlio mwembamba wa puani, kama anayeuliza jambo. Wote saba wakageukia runinga. Watu wazima wale, na hati zao za viwanja mikononi, nyuso zao zikalainika kama za watoto walioitwa kula.

"Masikio," alisema mwanamume mmoja mwenye tai. "Jamani, Masikio huyo."

Mama Nakala hakuinuka. Alibaki pale chini na mkono wake ndani ya mashine, maana sauti ile ya mbwa ilikuwa yake.

Katuni ilikuwa ya zamani, imetoka nje ya nchi, miaka thelathini na ushei sasa. Mvulana wa kofia nyekundu alikuwa akipeleka barua kwenye vijiji vya mlimani, na mbwa wake mwenye masikio makubwa akimtangulia njiani. Ilionyeshwa kila Jumapili saa kumi alasiri, na saa kumi ikifika mitaa ilibaki mitupu. Hata mpira uliachwa katikati ya uwanja. Hapakuwa na mtoto ambaye hakujua kumwigiza Masikio, na mbwa koko wote wa mji walipewa jina hilo, hata majike.

Sasa kituo kilikuwa kinairudisha. Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi alikuwa amemwalika mtayarishaji aliyesimamia kazi ya kuingiza sauti za lugha yetu, na mzee yule, kichwa cheupe, shati limepigwa pasi likasimama, alikuwa ameegemea kiti kama mtu aliyeko sebuleni kwake.

"Na mbwa je?" mtangazaji aliuliza. "Kila mtu anataka kujua. Yule mbwa alikuwa nani?"

Mzee akatabasamu. "Alikuwa mbwa wangu mwenyewe. Nilimrekodi nyumbani kwangu, sauti moja moja. Na kile kilio cha kipindi cha mwisho, kilichowaliza ninyi wote, nilimfungia nje siku ya mvua, nikaweka kipaza sauti dirishani. Alilia nusu saa. Na mimi ndani nikalia naye."

Mtangazaji alijifuta jicho. Mwanamke mmoja kwenye foleni naye akajifuta lake.

Karatasi ilikatika. Mama Nakala aliinuka na nusu yake mkononi, akaizima runinga, akawaambia watu mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Mwenye tai alipolalamika kwamba kule ofisi ya ardhi wanafunga saa sita, alimtazama kwa jicho ambalo lilimfanya akusanye hati zake bila neno la pili. Akafunga mlango, akakaa kwenye kiti chake cha kuzunguka, akatetemeka kwa hasira mpaka kile kiti kikaanza kulia.

Alikuwa na miaka ishirini na mitatu alipoajiriwa kituoni kama mchapaji. Kazi yake ilikuwa kuchapa maneno ya katuni yakishatafsiriwa, nakala sita kwa karatasi ya kaboni, na kuzigawa studio. Kanda zilizotoka nje zilikuwa zimeondolewa maneno ya wenyewe, muziki na upepo vikaachwa. Lakini waliotoa maneno walimtoa na mbwa. Masikio alikuwa anafungua kinywa na hakuna kinachotoka.

Wakamjaribu mwigizaji wa redio, mtu mwenye sauti nzito iliyojulikana nchi nzima. Akabweka kama mtu aliyepaliwa na mfupa. Mchapaji alikuwa amesimama mlangoni na makaratasi yake, akasema bila kufikiri, "Huyo mbwa amekasirika. Huyu wa kwenye picha hajakasirika, anamwita mwenzake." Kisha akabweka. Walicheka wote. Aliporudia, mdomo wa mbwa ukiwa unafunguka kwenye kioo, hakucheka mtu.

Miaka minne, kila Alhamisi baada ya kazi, aliifunika mashine yake ya chapa, akavua viatu visigongegonge sakafuni, akasimama mbele ya kipaza sauti. Alikuwa na milio yake kumi na tisa, kaiandika kwa alama zake mwenyewe pembeni mwa karatasi: wa kuita, wa kuogopa ngurumo, wa kuona chakula, wa kujifanya hajakiona. Majina ya waigizaji yalipopita mwishoni mwa kipindi, la mbwa halikuwamo, na yeye hakuuliza.

Milio ile hakuitoa kichwani. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda cha mbao, na familia iliishi chumba kimoja nyuma ya ghala. Kiwandani palikuwa na mbwa kiwete ambaye hakuwahi kupewa jina. Kila mtu alimwita "Wewe", naye aliitika. Huyo ndiye aliyekuwa rafiki wa yule msichana, kwa kuwa watoto wengine hawakuruhusiwa kupita geti. Akiwa na miaka tisa, watu wa halmashauri walipita wakimaliza mbwa kwa sababu ya kichaa cha mbwa kilichozuka, wakatupa nyama yenye sumu kando ya uzio. Wewe alijikokota mpaka nyuma ya rundo la mbao, mahali ambapo mtu mzima hakuweza kupenya. Msichana alipenya. Alikaa naye kuanzia mchana mpaka jua linazama, na alisikia kila kitu.

Kile kilio cha kipindi cha mwisho ndicho hicho. Mvulana wa kofia anaondoka na gari la moshi, mbwa anabaki. Alirekodi mara moja tu. Waliokuwa studio hawakuomba arudie, na fundi mitambo alitoka nje.

Na sasa mzee yule alikuwa amekaa kwenye runinga, na mvua yake ya uongo, na dirisha lake.

Binti yake alikuja dukani mchana. Alikuwa muuguzi, bado ana sare, na alikuta mlango umefungwa na mama yake ndani anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kaa."

Akamwambia karibu yote, kwa kifupi, kama anayesoma orodha. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akauma mdomo.

"Mama, tulikuwa tunakaa wote kwenye kochi moja. Kila Jumapili kilipokuwa kinarudiwa. Mimi nalia, wewe unanifuta kamasi. Unataka kuniambia ni wewe uliyekuwa unalia kule?"

"Ndiyo."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Binti alivuta kiti karibu. "Basi bweka," alisema.

"Sibweki."

"Kidogo tu, nisikie."

"Nimesema sibweki. Mimi si mbwa wa maonyesho."

Baba wa nyumba, fundi saa, mtu mpole asiyewahi kumpandishia mtu sauti, alipoambiwa jioni alicheka. Alicheka mpaka kioo chake cha jichoni kikadondoka kwenye bakuli. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa akiwaza miaka thelathini na mke ambaye hata kupiga mluzi hapendi. Lakini kicheko kile kilimchoma mkewe mahali palipokuwa tayari pabichi. Hakumsemesha siku mbili. Chai alimwekea mezani kwa kishindo.

Jumanne alivaa gauni lake la kwenda harusini, akaenda kituoni. Jengo lilikuwa lilelile, ila ngazi zimewekwa vigae na pale penye chumba cha wachapaji pamekuwa mahali pa kuuzia kahawa. Msichana wa mapokezi alimpa fomu. Kwenye fomu palikuwa na nafasi ya "aina ya malalamiko". Akaandika: *Uongo.* Akaambiwa asubiri, akasubiri saa mbili, akiwa ameshika mkoba wake magotini kama ngao.

Alipokelewa na meneja wa vipindi, kijana mwenye viatu vyeupe, mchangamfu, aliyeyaita mambo yote "makubwa sana hayo". Alimsikiliza vizuri, au alionekana hivyo. Kisha akawaita wenzake watatu, wakaja wamesimama mlangoni, na Mama Nakala akaona simu zao zimeshainuliwa.

"Mama, sisi tunakuamini," meneja alisema. "Ila unajua tena, lazima tuthibitishe. Tubwekee kidogo. Ule wa kuita tu."

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Alisimama, akaichukua fomu yake mezani.

"Ukienda kumwona daktari," alisema, "unamwambia akupasue kwanza uone kama kweli ni daktari?"

"Mama, usikasirike."

"Nimeshakasirika. Umechelewa."

Akapita katikati yao. Mmoja wao aliendelea kurekodi mpaka mgongo wa Mama Nakala ulipofika kwenye lifti, akijua wazi kwamba mwenyewe anajua anarekodiwa.

Jumatano binti aliomba ruhusa kazini, wakaenda wote wawili nyumbani kwa mtayarishaji. Lilikuwa wazo la binti. Hakusema bado kama anaamini, ila alikuwa ameitazama ile video ya mama yake akiondoka, ambayo tayari ilikuwa inazunguka ikiwa na maneno "bibi wa Masikio achachamaa", na hakuipenda hata kidogo.

Mtayarishaji aliwafungulia mwenyewe. Alimtambua papo hapo. Ilionekana kwenye shingo yake, iliyoingia ndani kidogo. Akawakaribisha. Mkewe, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kamba, alikuwa anapunguza upindo wa pazia pale pale sebuleni, sindano mdomoni.

"Binti," mzee alisema, ingawa aliyemwita hivyo, Mama Nakala, alikuwa na miaka hamsini na minane. "Umepotea sana."

"Nimekuja kuhusu mbwa wako."

Mzee alikohoa. "Ulikiona kipindi."

"Nilikiona."

"Sasa sikiliza. Wewe ndiye uliyeniomba. Umesahau? Ulikuja ofisini kwangu unalia, unaposwa, mama mkwe amesikia kuna msichana anabweka kwenye televisheni, anasema hataki mkwe wa namna hiyo. Ukaniambia, bosi, sema ni mbwa wa kweli. Nikasema. Nimeitunza siri yako miaka yote hii. Leo unanijia hivi?"

Alijua atalisema hilo. Tangu Jumatatu alikuwa akilisubiri, na ndilo lililomnyima raha zaidi ya lile la mvua, kwa sababu lilikuwa kweli. Binti aligeuka kumtazama. Mama mkwe yule alikuwa bibi yake, aliyemlea.

"Nilikuomba," Mama Nakala alisema. "Nilikuwa mjinga, naogopa kukosa mume, nikakuomba. Hiyo ni aibu yangu na nimekaa nayo. Lakini nilikuomba unyamaze. Sikukuomba useme alikuwa wako. Sikukuomba ukapokee ngao ya tuzo kwa ajili yake. Na kile kilio, bosi. Ulikuwepo. Nilikusimulia mimi, nimekaa kwenye ngazi za studio, nikakuambia kilitoka wapi. Ulijua ni mbwa gani. Ukamtoa pale nyuma ya mbao ukamweka dirishani kwako."

Mzee alifungua mdomo.

"Mbwa gani?" mkewe aliuliza.

Wote wakamgeukia. Alikuwa ameitoa sindano mdomoni.

"Nauliza, mbwa gani? Mimi nikikaribiana na manyoya navimba macho. Tangu tuoane hatujafuga hata paka. Jumatatu nilipokusikia nilidhani unasema habari za ujana wako, kabla yangu."

Binti, ambaye alikuwa amekuja akiwa na hasira za kiasi, ghafla alilazimika kutazama dari ili asicheke. Mama yake hakucheka.

"Watu hupenda hadithi," mzee alisema mwishowe, akiyatazama magoti yake. "Mwanzo nilikuwa nakuficha wewe. Kisha wakawa wanauliza kila mwaka, na kila mwaka naongeza kidogo. Ningesema nini sasa? Kwamba miaka thelathini nadanganya? Nina miaka sabini na tisa. Niache nife na heshima yangu."

"Na yangu?"

"Wewe hakuna anayekujua."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililomfanya Mama Nakala ainuke. Alichukua lile pazia magotini mwa mke wa mzee, akalikunja vizuri mara nne, akamrudishia, kwa sababu mikono yake ilihitaji kitu cha kushika kisichokuwa shingo ya mtu. Mama yule akalipokea. "Nitaongea naye," alisema kwa sauti ndogo.

Njiani binti alimshika mkono. "Yaani ni bibi," alisema.

"Bibi yako alikupenda sana. Usimwingize."

"Nimeshamwingiza."

Jumamosi, kusherehekea kurudi kwa katuni, kipindi cha mwisho kilionyeshwa kwenye ukumbi wa manispaa, kwenye kitambaa kikubwa kilichovutwa jukwaani. Viti vilijaa, watu wa miaka arobaini na watoto wao, wengine wamevaa kofia nyekundu bila kuona haya. Bahasha ya mwaliko ilikuwa imeletwa dukani Ijumaa, viti vitatu, safu ya mbele. Mama Nakala alikwenda na binti na mumewe. Fundi saa alikuwa amevaa koti, na tangu asubuhi alikuwa anajaribu kuomba msamaha kwa kubeba kila kitu, hata mkoba wake.

Mtayarishaji alipanda jukwaani. Alionekana mdogo kuliko kwenye runinga. Mkewe alikaa pembeni, anamtazama kama mwalimu wa zamu.

"Nina jambo la kusahihisha," alianza. "Kuhusu mbwa. Si kila kitu nilichosema kilikuwa hivyo kabisa. Kuna mama mmoja, alikuwa mchapaji wetu, alitusaidia kwenye zile sauti. Alitusaidia sana. Yuko hapa. Tumpigie makofi."

Makofi yakapigwa, ya adabu, ya haraka. Watu walishaanza kutazama kitambaa.

*Alitusaidia.* Kama mtu aliyeshika ngazi wakati wenzake wanapaka rangi. Mama Nakala alihisi mkono wa mumewe ukimgusa, ukimwambia kaa, yameisha. Akautoa. Alipanda vile vidaraja vitatu vya jukwaa, akasimama mbele ya mzee mpaka mzee akaachia kipaza sauti mwenyewe.

Tangu siku zile hakuwahi kushika kitu kile.

"Sikusaidia," alisema. "Nilikuwa mimi. Peke yangu, miaka minne. Mbwa mnayempenda hakuwahi kunyeshewa kwenye nyumba ya mtu. Alikuwa mbwa wa kiwanda cha mbao, kiwete, alilishwa sumu, nami nilikuwa na miaka tisa nimekaa naye. Mlipokuwa mnalia, mlikuwa mnamlilia yule. Nataka mjue mlikuwa mnamlilia nani."

Kisha kutoka katikati ya ukumbi, sauti ya mwanamume, yenye furaha kabisa: "Mama, bweka basi."

Wengine wakacheka, wakaanza kupiga makofi kwa mpigo, bweka, bweka. Hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa watoto wa Jumapili saa kumi, wamemwona mbwa wao.

"Hapana," alisema kwenye kipaza sauti. Makofi yakaendelea. Akasema tena, "Hapana," kwa sauti ya mwanamke ambaye kila siku huwaambia watu wazima wasiguse mashine yake, na safari hii walinyamaza.

Akashuka. Taa zikazimwa. Gari la moshi likaja, mvulana akapanda, na mbwa akaanza kulia. Mama Nakala alikaa na mikono ameikunja kifuani, anajisikiliza, akiwa na hasira na kila mtu: na mzee, na wale vijana wa simu, na mama mkwe aliyekwishakufa, na yule msichana wa miaka ishirini na saba aliyekwenda kuomba afutwe. Nyuma yake ukumbi mzima ulikuwa unapenga kamasi. Binti yake hakulia. Alikuwa ameiacha picha, amemgeukia mama yake, anatazama koo lake kama anayetafuta kitu humo.

Kituo kilitoa taarifa wiki iliyofuata. Walimtumia rasimu kwanza, aisome na kutia sahihi. Ilieleza kwamba "alichangia sauti za mnyama". Aliirudisha, ameikata kwa kalamu nyekundu. Ya pili ilisema "aliigiza mbwa pamoja na timu". Akairudisha hiyo pia, na pembeni akaonyesha makosa manne ya chapa, kila moja na mstari wake. Ya tatu ilikuwa fupi na ilikuwa kweli. Akaitia sahihi, akamkabidhi tarishi mlangoni, akarudi ndani.

Foleni ilikuwa ya watu tisa. Wa kwanza alikuwa bwana mmoja na cheti cha kuzaliwa, anatabasamu upande, simu mkononi, na kabla hajafungua mdomo Mama Nakala alimwuliza anataka nakala ngapi.